Mahakama, korti ya jeshi au risasi: tuunge mkono njia ipi dhidi ya washukiwa wa ugaidi?

Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uhispania na Uholanzi, mabomu yalilipuka Kampala: moja katika mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, mengine katika uwanja wa raga wa Kyadondo. Watu 76 walikufa. Tarehe 16 Novemba 2021 walipuaji watatu walijilipua katikati ya jiji hilohilo, karibu na Kituo Kikuu cha Polisi na karibu na Bunge, wakaua watu wanne. Shambulio la kwanza Al-Shabaab walisema ni lao. La pili lilidaiwa na kundi la Dola la Kiislamu, na polisi wakawataja ADF, waasi wa Uganda walio na kambi mashariki mwa Kongo.

Majibu ya serikali hayakufanana. Baada ya 2010, washukiwa, wakiwemo Waganda, Wakenya na Watanzania, walikusanywa wakapandishwa kizimbani, na hukumu ikasomwa Mei 2016. Baada ya 2021 hazikupita siku tatu polisi wakatangaza kwamba watu 21 wamekamatwa na watano wameuawa. Wanne walipigwa risasi Ntoroko, mpakani, na wa tano, mhubiri wa Kiislamu, aliuawa nje kidogo ya Kampala katika msako.

Wengi ninaowasikia, hasa huku mpakani magharibi ambako Kiswahili ndiyo lugha ya soko na ya kambi, hupenda jibu la pili. Ni la haraka, halina mawakili wa kuahirisha kesi kila Alhamisi, na maiti haiombi dhamana. Mimi niko upande wa jibu la kwanza, ila si kwa maneno yale ya semina za hotelini. Nataka tuzipime njia hizi kama watu wanaolipa kodi na wanaotaka kujua wanapata nini. Zipo tatu: mahakama ya kiraia, korti ya jeshi, na risasi. Atakayekuja kukuomba kura ataunga mkono mojawapo, hata asipoitaja kwa jina.

Sheria imeshachagua, kwa sehemu

Ibara ya 22 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inasema mtu hanyimwi uhai kwa makusudi isipokuwa katika kutekeleza hukumu iliyotolewa na mahakama baada ya kesi ya haki, na mahakama ya juu kabisa ya rufaa iwe imeithibitisha. Ibara ya 23 inataka aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa na afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Ya 28 inamhesabu hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo au akiri mwenyewe.

Kisha kuna ya 44, ambayo wanasiasa hawaitaji sana. Inaorodhesha haki nne zisizoguswa hata nchi ikiwa katika hali ya hatari: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki, na amri ya mahakama ya kutaka mtu aliyezuiliwa aletwe mbele ya jaji. Uhai wenyewe haumo katika orodha hiyo. Walioandika waliacha mlango wa adhabu ya kifo wazi, lakini wakaweka mlinzi mlangoni, na mlinzi huyo ni kesi ya haki. Ukimwondoa yeye, hakuna kinachobaki kumkinga mtu.

Adhabu ya kifo kwa ugaidi unaoua ipo: imo katika Sheria ya Kupambana na Ugaidi ya 2002. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Januari 2009 katika shauri la Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400, si ya lazima tena, jaji ana hiari. Kwa hiyo hata anayeamini kwamba gaidi hastahili kuishi ana njia halali ya kulitafuta analolitaka, na njia hiyo inapita mahakamani.

Na polisi je? Sheria yao inawaruhusu kufyatua risasi dhidi ya mtu anayetoroka ulinzi halali akiwa ameshtakiwa au amehukumiwa kwa kosa kubwa, anayemtorosha mwingine kwa nguvu, au anayepinga kukamatwa kwa nguvu. Lakini hilo halitoshi. Askari awe na sababu za kuamini hana njia nyingine, awe ametoa onyo, na pawe na hatari ya yeye au mwingine kuumizwa vibaya. Soma tena matangazo ya vifo vya washukiwa uone mara ngapi yanaishia kwenye maneno mawili, "alijaribu kutoroka", kana kwamba sharti lilikuwa hilo peke yake.

Miaka sita ya kesi ya 2010 ilinunua nini

Bomu jingine la siku ile halikulipuka. Katika klabu moja ya dansi huko Makindye lilipatikana vazi la kujilipua lililoachwa ndani ya mfuko wa kompyuta, pamoja na simu. Simu ile ndiyo iliyofungua kesi. Wapelelezi walifuata namba moja hadi nyingine mpaka wakamfikia Hassan Haruna Luyima, aliyetakiwa kulilipua, na kaka yake Isa Ahmed Luyima, ambaye mahakama ilimwona ndiye mpangaji mkuu. Mwenzao Edris Nsubuga alikiri kosa mwaka 2011, akapewa miaka 25 jela, na baadaye akasimama kizimbani kama shahidi wa upande wa mashtaka.

Faida kubwa ya mahakama iko hapo, na haina uhusiano na huruma. Mtu aliye hai anaweza kueleza nani alimpa fedha, alivuka mpaka wapi, nani alimpangishia chumba, vilipuzi vilikuja na gari gani. Aliyekufa unapekua mifuko yake tu. Anayetaka mtandao uvunjwe mpaka kwa mfadhili anamhitaji mshukiwa akiwa anapumua, ikiwezekana awe na wakili pembeni ili anachokisema kisije kutupwa na jaji baadaye.

Hukumu ya Jaji Alfonse Owiny-Dollo iligawanyika hivi. Washtakiwa walikuwa 13. Saba walipatikana na hatia ya ugaidi na mauaji: watano wakapewa kifungo cha maisha, wawili miaka 50. Mmoja aliyewasaidia baada ya tukio alipewa mwaka mmoja wa kazi za jamii. Watano waliobaki waliachiliwa.

Watano kati ya 13 ni zaidi ya theluthi. Wote walikuwa wametajwa kama magaidi wa Kyadondo, na wote walikaa gereza la Luzira kwa miaka. Laiti tungechagua risasi Julai ile, watano hao wangekuwa kaburini na sisi tungekuwa tumepiga makofi. Sidhani wapelelezi wa 2021 walikuwa na jicho kali mara tatu kuliko wa 2010. Wa 2010 walikuwa na simu, rekodi za mawasiliano, msaada wa FBI na muda wa kutosha, na bado ushahidi wao dhidi ya watano haukusimama. Wa 2021 walikuwa na saa chache.

Na bei yake

Sitaki kuuza mahakama kwa bei ya uongo. Joan Kagezi, mwendesha mashtaka aliyeongoza kesi ile, alipigwa risasi Kiwatule tarehe 30 Machi 2015 akiwa njiani kurudi nyumbani, watoto wake wakiwa ndani ya gari. Anayesema kesi ni njia ya waoga alikumbuke hilo.

Halafu kuna kuchelewa. Kesi ilisimama kwa muda mrefu ikisubiri Mahakama ya Katiba, kwa sababu baadhi ya Wakenya walilalamika kwamba walichukuliwa kwao na kuvushwa mpaka bila hakimu yeyote kuhusishwa. Mahakama Kuu ya Kenya ilishasema mwaka uleule wa 2010 kwamba kukabidhiwa kwa namna hiyo kulivunja sheria. Tazama mahali kuchelewa kulikotoka: njia ya mkato iliyochukuliwa mwanzoni ndiyo iliyorefusha safari. Afrika Kusini walilipata somo hilohilo kabla yetu. Mzanzibari mmoja aliyetafutwa kwa bomu la ubalozi wa Marekani Dar es Salaam la 1998 alikamatwa Cape Town 1999 akapelekwa New York harakaharaka. Mahakama yao ya Katiba ikaamua mwaka 2001 kwamba kumkabidhi bila uhakika kuwa hatauawa kulikuwa kinyume cha Katiba. Alikuwa ameshafika Marekani, akahukumiwa kifungo cha maisha huko.

Tanzania ilifanya vizuri zaidi na Jamil Mukulu, aliyekuwa kiongozi wa ADF. Alikamatwa huko 2015, akapitishwa mahakama ya Kisutu, akakabidhiwa Uganda Julai mwaka huo kwa karatasi zilizokamilika. Sehemu ya Tanzania ilichukua miezi. Sehemu yetu ndiyo aibu: zaidi ya miaka minane baadaye hukumu ilikuwa haijasomwa. Thomas Kwoyelo wa LRA, waasi wa Joseph Kony, alishikwa Kongo mwaka 2009, akatiwa hatiani kwa makosa 44 Agosti 2024, akafungwa miaka 40. Kutoka kushikwa hadi hukumu ni miaka 15. Mama aliyefiwa Gulu au Kitgum anapouliza kwa nini mahakama inazeeka kuliko yeye, simlaumu. Kitengo cha Jinai za Kimataifa cha Mahakama Kuu, ambacho ndicho husikiliza kesi hizi, kingepewa majaji na fedha zinazolingana na kazi, nusu ya hoja ya watu wa risasi ingekufa yenyewe.

Risasi: inapostahili na inapokosea

Kuna siku risasi ni sahihi. Tarehe 3 Juni 2025, Siku ya Mashahidi, jeshi lilitangaza kwamba kikosi chake cha kupambana na ugaidi kimewazuia watu wawili wenye silaha Munyonyo, mmoja wao mwanamke aliyebeba vilipuzi, na wote wawili wamekufa. Ikiwa maelezo hayo ndiyo yaliyotokea, sioni jaji wa kuyapinga. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zinaruhusu kuua kwa makusudi pale tu ambapo haiepukiki kabisa ili kuokoa maisha, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisisitiza jambo hilohilo mwaka 2015. Kinachoangaliwa ni kilicho mikononi mwa mtu dakika ile. Kilicho kwenye faili lake ni kazi ya hakimu.

Ndipo ninapoachana na wanaosema "gaidi ni gaidi". Mtu aliyelala nyumbani kwake Wakiso saa tisa usiku, nyumba imezingirwa, hana anachokilipua, si sawa na mtu anayetembea kuelekea kwenye umati na mkanda wa mabomu kiunoni. Anaweza kuwa mbaya kuliko yule wa pili. Anaweza kuwa ndiye aliyemtuma. Basi ndiyo sababu zaidi ya kumchukua mzima.

Waliofanya makosa kwa risasi hawakuwa polisi wa nchi maskini peke yao. Tarehe 22 Julai 2005, siku moja baada ya mabomu yaliyoshindwa kulipuka London, polisi walimfuata fundi umeme wa Kibrazili, Jean Charles de Menezes, mpaka ndani ya treni kituo cha Stockwell, wakampiga risasi za kichwa. Hakuwa na uhusiano wowote na mabomu. Walikuwa wamemfananisha na mtu mwingine. Hakuna askari mmojammoja aliyeshtakiwa kwa kifo chake. Mwaka 2007 polisi ya jiji kama taasisi ilitiwa hatiani chini ya sheria ya usalama kazini, ikapigwa faini. Ndivyo hesabu ya risasi inavyofungwa hata kwenye nchi yenye kamera kila kona.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, na ndio ninaoupenda kwa sababu waliouawa kweli walikuwa na mpango wa kuua. Machi 1988 makomando wa Uingereza waliwapiga risasi watu watatu wa IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland, huko Gibraltar. Hawakuwa na silaha wala bomu mwilini, ingawa gari lenye vilipuzi lilikutwa baadaye Hispania. Mwaka 1995 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua, majaji 10 kwa 9, kwamba haki yao ya uhai ilivunjwa. Askari waliofyatua hawakulaumiwa sana, maana waliamini walichoambiwa. Lawama ilikwenda kwa waliopanga: wangeweza kuwazuia mpakani, hawakufanya hivyo, na wakawapa askari habari zisizo sahihi kama vile ni za uhakika. Mahakama hiyohiyo ikakataa kuwapa familia fidia, kwa sababu marehemu walikwenda pale kwa nia ya kutega bomu. Huo ndio utu uzima wa sheria: haikuwageuza magaidi kuwa malaika, na haikuisamehe serikali.

Nyumbani, tukio linalonisumbua ni la Juni 2021. Jenerali Edward Katumba Wamala alishambuliwa kwa risasi Kisaasi. Yeye alipona, binti yake na dereva wake wakafa. Katika wiki zilizofuata polisi walitangaza kwamba baadhi ya washukiwa wamekufa wakati wa kukamatwa, na wengine wakaonekana katika mahakama ya Nakawa wakiwa na majeraha. Yule aliyefyatua ni mwisho wa uzi. Kila mshukiwa aliyekufa Juni ile alikata kipande cha uzi uliokuwa ukielekea kwa aliyeagiza, na Jenerali aliyempoteza mtoto ndiye aliyekuwa na haki ya kwanza ya kuufuata mpaka mwisho.

Nalufenya, au mshukiwa aliye hai ambaye hana faida

Kuna wanaofikiri wako upande wa sheria kwa sababu hawaui, wanakamata tu. Ila namna ya kukamata nayo ina bei. Andrew Felix Kaweesi, afisa mkuu wa polisi, aliuawa Kulambiro Machi 2017 pamoja na mlinzi na dereva wake. Washukiwa walipelekwa kituo cha polisi cha Nalufenya, Jinja. Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu iliamuru 22 kati yao walipwe shilingi milioni 80 kila mmoja kwa kuteswa. Pesa hizo ni za umma, zako na zangu. Na haikuishia kwenye pesa: Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2012 inakataza ushahidi uliopatikana kwa kumtesa mtu, na Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 inamruhusu jaji kuifuta kesi nzima ikiwa haki za msingi za mshtakiwa zilivunjwa. Polisi aliyeinua nyaya za umeme alikuwa akiisaidia timu ya utetezi bila malipo.

Ile Hiace ambayo Kampala wanaiita "drone", isiyo na namba za usajili, inayomchukua mtu bila hati na kumpoteza kwa wiki, nayo iko kwenye fungu hili. Kila saa inayozidi zile 48 ni hoja mpya kwa wakili wa mshtakiwa.

Korti ya jeshi

Hapa sitakaa. Wapo walioiona kama njia ya kati: kali kuliko mahakama, ya kistaarabu kuliko risasi. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu, ikiongozwa na Owiny-Dollo yuleyule wa kesi ya Kyadondo, wakati huo akiwa Jaji Mkuu, ilisema raia kushtakiwa mbele ya korti hizo ni kinyume cha Katiba. Mei mwaka huo Bunge lilipitisha mabadiliko ya sheria ya jeshi yanayorudisha baadhi ya raia huko katika mazingira maalumu, na Juni Rais akatia sahihi. Kwa mnunuzi wa haki, bidhaa ambayo uhalali wake unabishaniwa ni hasara: hukumu utakayoipata leo inaweza kufutwa kesho, na gaidi halisi akatoka nayo mlangoni. Kama kasi ndiyo iliyokuvutia, ujue kasi hiyo imekopwa.

Msitu wa Kongo ni jambo lingine

Mtu atauliza: na Operesheni Shujaa? Tangu 30 Novemba 2021 UPDF, jeshi la Uganda, iko mashariki mwa Kongo pamoja na jeshi la nchi hiyo, na hakuna anayetarajia koplo abishe hodi kambini kwa ADF akiwa na hati ya hakimu. Kweli. Huko ni vita, na sheria ya vita inaruhusu kumpiga mpiganaji bila kumpa onyo. Lakini sheria hiyohiyo inamlinda aliyejeruhiwa, aliyetupa bunduki na aliyejisalimisha. Baada ya watalii wawili na mwongozaji wao kuuawa katika Hifadhi ya Queen Elizabeth Oktoba 2023, jeshi lilishambulia mashua ziwani Edward, likaua kadhaa, likamshika kamanda wao akiwa hai. Mwezi uliofuata alikuwa mahakamani akisomewa mashtaka ya ugaidi na mauaji. Operesheni moja, maji yaleyale: waliopigana walipigwa, aliyeshikwa alishtakiwa. Anayesema askari wetu hawawezi kutofautisha hayo mawili anawadharau.

Pia kuna Sheria ya Msamaha ya 2000, iliyowatoa maelfu msituni, wengi wao wakiwa watoto waliotekwa. Mpiganaji akisikia kwamba anayejisalimisha hupigwa risasi, hatajisalimisha, na wewe unayeishi Bwera au Bundibugyo ndiye utakayekutana naye.

Kasese imeonja pande zote mbili

Tarehe 16 Juni 2023 ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakawachoma wavulana bwenini na kuwakata wasichana kwa panga. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wao wanafunzi. Mtu wa Mpondwe akikuambia hataki kusikia habari za mawakili, msikilize kwanza.

Lakini muulize pia kuhusu Novemba 2016. Jeshi na polisi walivamia kasri la mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese, na watu zaidi ya 100 waliuawa. Mfalme Charles Wesley Mumbere na wengi wa watu wake walishtakiwa kwa ugaidi, uhaini na mauaji. Juni 2023, mwezi uleule wa Lhubiriha, serikali iliyafuta mashtaka hayo dhidi ya mfalme. Waliokuwa kizimbani wakarudi nyumbani. Waliokufa siku ile kwa shutuma zizo hizo hawakuwa na shtaka la kufutiwa.

Wilaya moja imeona gaidi halisi, na imeona neno hilo likibandikwa watu na baadaye kubanduliwa. Sijui mahali pengine Uganda ambapo ulinganisho huu ni wa damu kiasi hicho.

Basi uchague vipi

Ikiwa hofu yako ni shambulio linalotokea sasa hivi, mtu ana bomu na umati uko mbele yake, unga mkono risasi, na dai mafunzo na habari sahihi kwa anayefyatua, maana Gibraltar na Stockwell zilianza na habari mbovu.

Ikiwa unachotaka ni kumjua mfadhili na kuzuia shambulio lijalo, mahakama ya kiraia haina mpinzani. Kubali kwamba ni polepole, kisha bana serikali kwenye bajeti ya majaji, ulinzi wa mashahidi na ulinzi wa waendesha mashtaka badala ya kuibana impige mtu risasi.

Ikiwa umefiwa na unataka adhabu kali, hesabu vizuri. Kifungo cha maisha cha 2016 kilisomwa mbele ya watu, majina yakitajwa, na kesi ikifuatiliwa na vyombo vya habari vya nje na ndani. Familia za waliokufa Novemba 2021 walipata tangazo la polisi.

Na ikiwa wewe ni Mwislamu wa Kisenyi, Mkonzo wa mlimani, au yeyote ambaye jina lake au kanzu yake humfanya asimamishwe kwenye kizuizi kabla ya wengine, sina haja ya kukushauri. Wewe ndiye wa kwanza kwenye foleni ya makosa.

Tangazo lijalo la mshukiwa aliyeuawa litakapotoka, yapo mambo ya kuuliza kabla ya kushangilia. Je, alikuwa tayari chini ya ulinzi? Alikuwa na silaha gani, na iko wapi? Onyo lilitolewa? Nani alikuwepo ambaye si askari, hata kama ni mwenyekiti wa kijiji (LC1) peke yake? Uganda ina sheria ya uchunguzi wa vifo inayompa hakimu mamlaka ya kuwaita mashahidi na kusikiliza namna mtu alivyokufa. Mbunge wako aulizwe kama uchunguzi huo umefunguliwa kwa kifo hicho, na asikubaliwe ajibu kwa hotuba. Barua ya kuomba hilo inahitaji jina la marehemu, tarehe na mahali alipofia, na inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, ambacho kimekuwa lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwenye Katiba tangu 2005.